Sina maabara yangu. Naweza kutafiti ugonjwa wa figo?

SWALI: Mimi ni daktari kijana katika hospitali ya wilaya, mashariki mwa Uganda. Kila msimu wa mvua tunapokea watoto wenye malaria kali ambao mkojo wao umegeuka kama chai ya rangi. Wengine hupona, wengine huacha kukojoa kabisa, na wakisharuhusiwa hatujui wanaishia wapi. Kwenye wodi ya watu wazima naona wanaume wa miaka arobaini wanaofika figo zikiwa zimeshakufa, na hawana kisukari. Natamani kufanya utafiti. Mkubwa wangu ameniambia nisipoteze muda, kwamba utafiti wa figo unataka maabara ya mamilioni ya dola, nasi tuna friji moja na mashine ya kreatinini inayoishiwa kemikali kila baada ya wiki mbili. Je, ni kweli? Kama kuna maabara na hifadhi za pamoja ninazoweza kutumia, ziko wapi, na nianze na lipi?

JIBU: Dada, barua yako nimeisoma mara mbili. Mkubwa wako amekosea, ingawa naelewa kilichomfikisha hapo. Kwa miaka mingi hapa kwetu kila mradi wa utafiti ulikuja na friza yake, kompyuta yake na gari lake, na mradi ulipokwisha friza ilibaki koridoni ikiwa na kibandiko cha mfadhili mlangoni. Aliyekulia katika hali hiyo huamini kwamba kutafiti ni kumiliki vifaa. Lakini mashine nzito utakazozihitaji zimeshanunuliwa na wengine, na kadhaa ziko Kampala na Entebbe, mwendo wa siku moja kutoka ulipo. Walichokikosa wenye mashine hizo unacho wewe: mtoto aliyepimwa siku alipofika wodini, akapimwa tena siku ya tatu, kisha akatafutwa nyumbani kwao baada ya miezi mitatu. Hicho hakuna duka linalokiuza.

Chukua mfano wa kinu cha mahindi kijijini. Hakuna mkulima anayenunua kinu eti kwa kuwa ana magunia mawili ya kusaga. Anabeba mahindi yake, anapanga foleni, analipa kwa kilo, anarudi nyumbani na unga wa posho. Hifadhi za sampuli, maabara za vipimo adimu, kompyuta kubwa za uchambuzi na makundi ya watu wanaofuatiliwa kwa miaka hutumika vivyo hivyo katika utafiti wa figo. Ila mwenye kinu hawezi kuyaokoa mahindi yaliyoota ukungu, na ndiyo maana sehemu kubwa ya jibu langu itahusu mahindi, yaani sampuli zenyewe.

Nianze na kipimo, kwa kuwa hapo ndipo tafiti nyingi za figo barani kwetu zilipopotelea. Sote tunategemea kreatinini. Inatoka kwenye misuli, figo huichuja, na ikipanda kwenye damu tunasema figo zimechoka. Sasa mtu mwenye misuli midogo, aliyekula vibaya kwa miaka au aliyedhoofishwa na maradhi, hutengeneza kreatinini kidogo tangu mwanzo. Figo zake zinaweza kuwa zimepoteza nusu ya nguvu, na namba kwenye karatasi bado ikakuridhisha. Fomula tunazotumia kukadiria uchujaji wa figo nazo zilijengwa zaidi kwa vipimo vya watu wa Marekani na Ulaya.

Watafiti wa mtandao wa ARK, unaounganisha Uganda, Malawi na Afrika Kusini, waliamua kuacha kukisia. Washiriki walichomwa ioheksoli, dawa inayotumika kwenye picha za eksirei, ambayo figo huitoa mwilini bila kuigeuza. Damu ikachukuliwa mara kadhaa katika saa zilizofuata ili kuona dawa inapungua kwa kasi gani, na kasi hiyo ndiyo nguvu halisi ya figo. Kwa upande wa Uganda kazi ilifanyika Kyamulibwa, wilayani Kalungu, chini ya kituo cha utafiti cha MRC/UVRI cha Entebbe, na Daktari Robert Kalyesubula alikuwa miongoni mwa walioiongoza. Matokeo yalichapishwa 2022, yakitokana na watu 2,578. Fomula za kreatinini zilizipa figo sifa zisizo zake, na upotofu ulizidi kwa wale ambao figo zao zilikuwa dhaifu zaidi. Idadi ya watu wenye uchujaji chini ya mililita 60 kwa dakika, walipopimwa kwa ioheksoli au kukadiriwa kwa sistatini C, protini ya damu isiyotegemea misuli kama kreatinini, ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile iliyoonekana kwa kreatinini. Yaani kwa kila mgonjwa mmoja tuliyemtambua, mwingine tulimwambia yuko salama akarudi shambani.

Hakuna hospitali ya wilaya ambayo ingeweza kufanya kazi hiyo peke yake. Nchi tatu zilikubaliana kutumia utaratibu mmoja na kipimo kimoja, ndipo jibu likapatikana.

Kuna jambo jingine linalohusu kreatinini ambalo huwaeleza wanafunzi wangu kila mwaka. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi wa vinasaba na utendaji wa figo uliotumia data za watu wa Kyamulibwa, na ishara iliyojitokeza kwa nguvu ilikuwa karibu na jeni iitwayo GATM. Jeni hiyo inahusika na kutengeneza kreatini, malighafi ambayo misuli huigeuza kuwa kreatinini. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kuwa na kreatinini ya juu au ya chini kwa sababu ya kiwandani, wakati mfereji hauna kosa lolote. Ukisikia mtu anatangaza “jeni la figo” kwa kupima kreatinini tu, mwulize alitumia kipimo gani cha pili.

Kwa watoto wako shida ni kubwa zaidi, tena ya kila siku. Maabara nyingi za wilaya hupima kreatinini kwa njia ya kale ya Jaffe, kwa kuwa kemikali zake ni nafuu. Njia hiyo hupotoshwa na bilirubini: macho yakiwa ya manjano, kreatinini inaweza kutoka ndogo kuliko ilivyo. Na ni nani ana macho ya manjano? Ni mtoto yuleyule mwenye mkojo wa chai ya rangi, ambaye chembe zake za damu zimepasuka kwa wingi. Njia ya vimeng'enya hustahimili vizuri zaidi, ingawa nayo haikuepuka kabisa usumbufu wa damu iliyopasuka. Kwa hiyo usiandike ombi la fedha za kununua mashine mpya. Andika bajeti ya kupima sampuli zako zote katika maabara moja yenye njia ya vimeng'enya iliyosawazishwa na kipimo cha rejea cha kimataifa, halafu sehemu ndogo ya sampuli hizo zipimwe pia sistatini C. Mashine yenu ya wilaya iendelee kuamua matibabu ya siku hiyo. Matibabu hayasubiri matokeo ya Kampala, na mtoto asiyekojoa hahitaji uthibitisho wa spektrometa ndipo umhudumie.

Sasa nije kwenye mahindi yenyewe, na hapa nikusimulie yaliyonipata. Katika utafiti wangu wa kwanza nilikusanya mikojo ya asubuhi kwa karibu mwaka mzima, katika hospitali ambayo sitaitaja. Tuliihifadhi kwenye friza ya kawaida, nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Sikujua kwamba albumini ya mkojo, yaani protini inayovuja figo zikiharibika, ikikaa miezi katika baridi ya kiwango hicho hujikusanya na kutuama chini ya kichupa, na kipimo chake hushuka. Nyuzi 80 chini ya sifuri ndizo huitunza. Nilipopima, wagonjwa ambao kijiti cha mkojo kilikuwa kimeonyesha protini siku ya kuchukuliwa walitoka na albumini ya mtu mwenye afya. Kabla sijamaliza kutafuta sababu, umeme ukakatika wikendi ya Pasaka, jenereta haikuwa na mafuta, na mlinzi wa zamu hakuwa na namba ya simu ya mtu yeyote wa mradi. Jumatatu tulikuta maji. Watu wale walikuwa wameamka alfajiri, wengine wakatembea kilomita kadhaa na kichupa mfukoni. Sijawasahau.

Ndiyo maana nasisitiza mambo yanayoonekana madogo. Damu izungushwe kwenye sentrifuji ndani ya saa mbili tangu itoke mshipani, na usipokuwa na uhakika wa umeme saa hiyo, usianze kuichukua. Majimaji ya damu na mkojo yagawiwe siku hiyohiyo kwenye vichupa vidogo vingi, kila kichupa kikitosha kipimo kimoja, kwa sababu kuyeyusha na kugandisha upya huharibu viashiria vingi kuliko muda wenyewe wa kuhifadhi. Lebo iwe ya aina isiyobanduka kwenye barafu, maana wino wa kalamu ya kawaida hufutika. Andika saa ya kuchukua, saa ya kuzungusha na saa ya kugandisha. Nusu ya vichupa vya kila mgonjwa ikae friza moja, nusu nyingine ihamishiwe mahali pengine mapema iwezekanavyo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami sijaona mahali ambapo maneno hayo ni kweli kama kwenye friza ya utafiti: kichupa kisicho na mstari wake kwenye daftari hakimfai yeyote, hata kama kiligandishwa kwa ustadi wote.

“Mahali pengine” ninapopasema hapo juu panajulikana. Katika Chuo cha Sayansi za Afya cha Makerere kuna hifadhi ya sampuli iitwayo IBRH3AU. Ilizaliwa na mpango wa H3Africa, uliofadhiliwa na NIH ya Marekani na Wellcome Trust ya Uingereza ili Waafrika watafiti vinasaba vya Waafrika. Hifadhi kuu za mpango huo zilikuwa tatu bara zima, nyingine mbili zikiwa Nigeria na Afrika Kusini. Maana yake una bahati ya kuwa katika moja ya nchi tatu. Kazi ya hifadhi ya namna hiyo ni kupokea, kukagua ubora, kuhifadhi, na kuwagawia watafiti wengine kwa masharti yaliyokubaliwa. Waendee kabla hujachukua tone la kwanza. Uliza wanataka mirija ya aina gani, vichupa vya ukubwa gani, lebo gani, fomu gani, na gharama ni kiasi gani kwa mwaka kwa kila sanduku. Majibu yao ndiyo yatakayoandika utaratibu wako wa wodini. Wanaokwenda hifadhini mwishoni mwa utafiti, wakiwa na masanduku ya vichupa vya kila umbo, huwapa watu wale kazi ya huzuni.

Usafiri usikutishe sana. Tangu miaka ya 2010 nchi yetu ina mtandao wa habu za maabara unaosimamiwa na Maabara Kuu za Afya ya Jamii, CPHL: mwendesha pikipiki huzunguka vituo vya afya, huleta sampuli kwenye habu, na kutoka hapo zinasafirishwa hadi Kampala. Ulijengwa hasa kwa ajili ya vipimo vya VVU vya watoto wachanga, na wengi wa wauguzi wako wanaufahamu kuliko mimi. Huwezi kudandia pikipiki ile kwa utafiti wako bila idhini. Lakini msimamizi wa habu yenu anajua barabara ipi hufungwa na mafuriko na sanduku la baridi huvumilia saa ngapi, na maarifa hayo hayalipiwi. Zungumza naye kabla ya kuzungumza na kampuni yoyote ya usafirishaji.

Suala la ridhaa na sheria linataka utulivu zaidi. Kwanza kamati ya maadili ya utafiti: Hospitali ya Rufaa ya Mbale inayo, na vyuo vikuu vinazo, kwa hiyo huna haja ya kwenda mbali. Ikishakubali, utafiti husajiliwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Sampuli ikitakiwa kuvuka mpaka, lazima kuwe na mkataba wa uhamisho wa sampuli na kibali cha Baraza. Taarifa za wagonjwa nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, ambayo inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee.

Hayo ni makaratasi, na yatapita. Kinachoniumiza moyo ni ridhaa yenyewe. Ukitaka sampuli zako ziwafae watafiti wengine baadaye, ni lazima uombe ridhaa pana: kuhifadhi kwa miaka, kutumia kwa maswali ambayo leo hayajulikani, pengine kuchunguza vinasaba. Mama aliyemkumbatia mtoto mwenye homa na degedege hawezi kuyapima hayo saa nane za usiku. Mhudumie mtoto kwanza. Omba ridhaa ya kipimo cha leo kwa maneno machache, na urudi kwake siku ya pili au ya tatu, mtoto akiwa ameketi, uyaongee mengine kwa Lugisu, Kiteso, Lusoga, Kiswahili au lugha yoyote anayoiotea ndoto. Kamati ya maadili inaweza kuukubali utaratibu wa hatua mbili ukiueleza vizuri. Na akikuuliza kama damu itauzwa, usikasirike. Watu wameshaona damu ikiondoka kijijini bila neno kurudi. Mwambie itakwenda wapi, nani ataigusa, na kwamba siku yoyote anaweza kusema basi. Usiahidi jambo ambalo hifadhi haiwezi kulitimiza.

Kabla ya kukusanya kipya, tazama kilichokusanywa. Watu wengi wanaruka hatua hii, na inaumiza kwa sababu damu iliyoko kwenye friza ilitolewa na mtu. Kundi la Kyamulibwa limefuatiliwa tangu 1989, watu wapatao 22,000 katika vijiji 25. Lilianzishwa kwa ajili ya UKIMWI, nalo leo linajibu maswali ya shinikizo la damu, sukari na figo. Kutoka humo watu wapatao 6,400 wamesomwa vinasaba, na karibu 2,000 kati ya washiriki wamesomwa jenomu nzima. Hazina hiyo ilitangazwa 2019, na mtafiti mwenye swali zuri anaweza kuomba kuitumia. Karibu zaidi na swali lako, watoto wenye malaria kali waliosajiliwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, kati ya 2008 na 2013 kwa ajili ya utafiti wa ubongo na uwezo wa kujifunza ndio waliotuonyesha baadaye, mwaka 2019, kwamba kudhurika kwa figo wakati wa malaria kunaambatana na akili kudhoofika na pia na ugonjwa sugu wa figo. Waliowasajili hawakuwa wakitafuta figo. Walitunza damu vizuri na wakawafuatilia watoto, basi, na jibu la figo likapatikana humo.

Na usidhani mashariki ni pembezoni. Jaribio la FEAST lililochapishwa 2011, lenye watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, lilifanyika kwa sehemu kubwa katika hospitali kama za Mbale na Soroti. Ndilo lililoonyesha kwamba kumwagia mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu maji mengi ya mshipani kwa haraka kunaongeza vifo. Madaktari wa nchi tajiri walilazimika kuzitafakari upya desturi zao kwa sababu ya wodi zinazofanana na yako.

Kuhusu kompyuta nitakuwa mfupi. Data zako za kila siku ziweke kwenye REDCap, programu ya kutunza data za utafiti, ambayo taasisi zisizo za kibiashara huipata bure, na ina programu ya simu inayofanya kazi hata mtandao ukikatika. Chuo utakachoshirikiana nacho huenda tayari kinayo. Ukifika kwenye vinasaba au data nzito, kuna kituo cha bioinfomatiki na sayansi ya data kilicho chini ya Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza, IDI, Makerere. Usinunue seva.

Nje ya nchi milango iko wazi kuliko watu wanavyofikiri. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia kisukari na figo, NIDDK, ina hifadhi kuu iliyoanzishwa 2003, ambamo sampuli na data za tafiti kubwa ilizozigharimia huombwa na watafiti wengine. Taasisi hiyohiyo hugharimia vituo vya George M. O'Brien. Vituo hivyo havitibu mgonjwa. Viliundwa ili watafiti wa figo wa mahali pengine wapate vipimo, ushauri wa kupanga utafiti na uchambuzi ambao wasingeumudu, na kimojawapo, cha vyuo vikuu vya Alabama mjini Birmingham na California mjini San Diego, kimejikita katika figo zinazodhurika ghafla, yaani jambo lako hasa. Kuna pia mradi wa KPMP, ulioanza 2017, ambao unachukua vipande vya figo kutoka kwa wagonjwa waliojitolea, unavichambua seli kwa seli, na kuweka atlasi ya matokeo mtandaoni kwa kila mtu. Ukiwa na simu na kifurushi cha data unaweza kuona leo usiku ni seli zipi za figo zinazotoa kiashiria unachotaka kukipima kwenye mkojo. Mimi huitumia atlasi hiyo kufundishia.

Lakini ichukue kwa uangalifu. Vipande vile vya figo ni vya watu wanaoishi Marekani, na hawakuugua malaria mara kumi kabla ya kuanza shule. Chukua mfano wa APOL1. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba aina mbili za jeni hiyo, zinazojulikana kama G1 na G2, huongeza hatari ya figo kufa kwa watu wenye asili ya Afrika, na kwamba zilienea kwa sababu humsaidia mtu dhidi ya vimelea vya malale. Zimejaa Afrika Magharibi. Utafiti wa H3Africa uliofanywa Ghana na Nigeria, na kuchapishwa 2024, ulionyesha kwamba hata kurithi nakala moja kuna hatari yake, wakati kwa miaka mingi tulifundishwa kuwa ni mpaka mbili. Huku kwetu Afrika Mashariki aina hizo ni chache zaidi, ingawa Uganda ndiyo nchi pekee yenye vimelea vya malale vya aina zote mbili, gambiense na rhodesiense, na Busoga iliteketea kwa ugonjwa huo mwanzoni mwa karne iliyopita. Basi wale wanaume wako wa miaka arobaini, figo zao zimeuawa na nini? Jibu la Lagos au Chicago haliwezi kuazimwa. Litatoka kwa watu wa huku, na ndiyo maana rasilimali za pamoja bila sampuli za wilayani kwenu zina pengo.

Kwa wanaume hao utahitaji kipande cha figo kilichosomwa na mtaalamu, na hapo bado tuna upungufu mkubwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawana kazi: Uganda ikapewa kituo cha ubingwa wa saratani, Tanzania moyo, na Kenya figo na njia ya mkojo, jijini Nairobi. Mgawanyo ule nauunga mkono kwa moyo wote. Kutoka Busia, Nairobi si mbali. Tangu upandikizaji wa kwanza wa figo ufanyike Mulago Desemba 2023, hitaji la kusoma vipande vya figo hapahapa nyumbani limeongezeka, na ningependa kuona nchi zetu zikisomeana picha za hadubini kwa mtandao badala ya kila moja kusubiri wataalamu wake watimie.

Hata hivyo, wanaume hao waache kwanza. Wapime shinikizo la damu, wapime mkojo kwa kijiti, andika majina yao kwenye daftari, waelekeze hospitali ya Kiruddu, Kampala, wanaohitaji kusafishwa damu, lakini usiwafanye kuwa utafiti wako wa kwanza. Ugonjwa wao ulianza miaka kumi kabla hujawaona. Watoto wa mkojo mweusi unawaona siku ileile figo zinapodhurika, na hiyo ndiyo nafasi ambayo vituo vyote nilivyovitaja havina.

Swali lako liwe moja: kati ya watoto wanaolazwa kwa malaria kali na mkojo mweusi, wangapi bado wana dalili za ugonjwa wa figo baada ya miezi mitatu? Miezi mitatu ni kwa sababu mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya figo, KDIGO, hauiti hali hiyo sugu kabla ya hapo. Utahitaji kreatinini ya siku ya kwanza, ya siku ya tatu na ya mwezi wa tatu, albumini ya mkojo wa asubuhi wa mwezi wa tatu, na kichupa cha ziada kwa ajili ya swali ambalo mtu mwingine ataliuliza. Gharama kubwa kwenye bajeti haitakuwa maabara, itakuwa kumpata mtoto tena. Usichukue namba moja ya simu, chukua tatu, mojawapo ya jirani. Andika kijiji, jina la mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1), na duka au kanisa au msikiti ulio karibu. Mlipe mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) nauli ya kwenda kumwona mtoto, na mpe mama nauli ya kuja na kurudi pamoja na chakula cha siku hiyo. Na kabla hujaanza, hakikisha umeandika nani atamtibu mtoto utakayemkuta figo zake hazijapona. Bila hilo usianze.

Mkishirikiana na chuo au kituo cha nje, jadilini mapema, kwa maandishi, nani ni mwandishi wa kwanza, nani anaweza kutumia vichupa vilivyobaki, na matokeo yatarudi vipi hospitalini kwenu. Niliona aibu kuyauliza hayo nilipokuwa na umri wako, nikadhani ni kukosa shukrani. Mshirika mwema hatachukizwa.

Wiki hii fungua daftari la kawaida wodini. Andika kila mtoto mwenye mkojo wa chai ya rangi: tarehe, umri, kreatinini kama kemikali zipo, alikojoa au hakukojoa, aliondoka vipi. Yafanye hayo kwa miezi miwili kama sehemu ya kumbukumbu za wodi, bila kuchukua sampuli yoyote ya ziada. Ukijua wanaingia wangapi kwa mwezi, utaweza kuniambia unahitaji vichupa vingapi, nami nitakaa nawe tuandike ombi la kamati ya maadili na barua ya kwenda hifadhini Makerere.